Kamba ya Mlango wa Dereva

Wazee wa kaunti ya Haw wakianza kuzungumzia mashindano ya magari ya enzi zile, hawachoki kutaja madereva. Fulani alimpita fulani kwenye kona ya nne, fulani alimaliza na tairi tatu, fulani alibinuka na gari akatoka anacheka. Waulize ni nani aliyekuwa akiwafunga mabwana hao ndani ya magari yao, watakutazama kana kwamba umewauliza nani alikuwa akiwafulia soksi. Waliowafunga ni wake zao, na mmoja wao ni huyu Ozelle Pruitt.

Kazi yake Ozelle ilikuwa kutunga tumbaku. Tumbaku ikiiva, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi alisimama kivulini pembeni ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, ufito umelazwa mbele yake, huku mwenzake akimpa majani matatu matatu. Mikono yake ilirusha uzi kushoto, ikarusha kulia, mpaka ufito ukajaa. Mwisho aliufunga uzi kwa fundo jepesi, ambalo tumbaku ikishakauka unavuta ncha moja tu, uzi wote unafumuka na majani yanaanguka mezani. Fundo hilo halikazwi. Ukilikaza, mwenye shamba atakutukana mbele za watu. Ozelle alilifunga bila kutazama, huku akipiga soga, na kaunti nzima hapakuwa na mwanamke aliyemfikia kwa wepesi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu msimu mzima, na sabuni yoyote ilishindwa.

Mumewe, Coy, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Jumapili mchana alishindana, na gari aliloshindania ni lile lile Ford kuukuu lililowapeleka kanisani asubuhi. Namba ubavuni aliiandika kwa dawa nyeupe ya viatu, ili jioni aioshe na Jumatatu aende nalo kazini kama mtu wa heshima. Kitasa cha mlango wa dereva, ambao kwa magari ya huko uko kushoto, kilikufa siku nyingi. Walikuwa wakiufunga mlango huo kwa kamba ya jembe la nyumbu hata siku za ibada, na mchungaji alishazoea kumwona Coy akitokea upande wa abiria akivuta suruali.

Kwenye mashindano, mlango wa abiria wa kila gari ulikazwa kwa waya usifunguke, na kamba hiyo ya upande wa dereva ndiyo iliyokuwa kila kitu. Madereva wengine walijifunga kiunoni kwa mikanda ya lijamu, lakini Coy alikataa. Kiangazi kilichotangulia mtu wa kaunti jirani aliungua akiwa amefungwa kitini mwake, na tangu hapo kila dereva alijichagulia kifo cha kukiogopa. Coy aliogopa moto. Kwa hiyo alikaa kitini hivi hivi, na kilichomtenganisha na ardhi ni mlango ule tu. Gari likigongwa mlango ukiwa wazi, lingemtema nje katikati ya magurudumu ya wenzake. Ozelle alilijua hilo, Coy alilijua, na kila Jumapili Ozelle alifunga fundo la nyumbu, lile ambalo mnyama akizidi kuvuta ndivyo linavyozidi kukaza.

Alilifungia nje ya geti. Mwanamke haruhusiwi kuingia ua wa mafundi, na ubao ulipigiliwa getini kusema hivyo kwa herufi kubwa. Sababu yao ni kwamba mwanamke akikanyaga mle ndani, mtu atakufa. Wanaume nao ni viumbe wa ajabu. Mwanamke aliyepiga goti vumbini akakufunga ndani ya gari hana mkosi wowote, ila akivuka geti ndipo mkosi unapoanza. Basi magari yalipanga foleni nje, wake wakafunga milango, kisha wakazunguka kwenda kukaa kwenye majukwaa ya mbao pamoja na watazamaji.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, mwaka wa 1949, mbele ya Coy na Ozelle kwenye foleni alikuwa Junius Stroud, mtu aliyejifunzia udereva kwenye kazi isiyotajwa kanisani, ya kukimbiza pombe haramu usiku. Mkewe, Roxie, alikuwa amekanyaga mlango kwa mguu mmoja, anavuta kamba kwa uzito wake wote mpaka uso umemwiva. Ozelle alipiga goti, akapitisha kamba kwenye kishikio na kwenye mhimili wa dirisha, akafunga, akasimama. Coy akatoa kichwa nje, akamchokoza Junius.

"Wako bado anakokota, kaka. Wangu keshamaliza zamani."

"Wangu ananipenda," Junius akamjibu. "Anaogopa nisije nikapotea."

Wakacheka wote wawili. Ozelle alimgusa mumewe bega kama ilivyokuwa desturi yao, magari yakaingia uani, geti likafungwa.

Jukwaani alikaa na wifi yake, Idella, dada yake Coy, mwanamke mwenye ulimi wa upupu na moyo wa asali. Walikuwa na kikapu cha kuku wa kukaanga. Bendera iliposhuka na magari kuondoka, udongo mwekundu ulitimka ukapanda hadi safu za juu, na Idella akamsukumia Ozelle kikapu akimwambia akifunge kitambaa, la sivyo watakula kuku na mchanga. Ozelle akafunga huku macho yake yako njiani. Coy alianza wa sita. Raundi chache tu akawa wa nne, kisha wa tatu, na kila alipoingia kona ya nne mkia wa gari ulitupwa nje, tairi zikachota udongo na kuumwaga juu ya uzio. Watu waliimba jina lake. Ozelle hakuimba. Huwa hapumui vizuri mpaka gari lisimame.

Idella alitaka paja. Akashika ncha ya kitambaa, akaivuta kidogo tu, na kitambaa chote kikafumuka, kikapu kikafunguka mapajani mwake.

"Wifi, umefunga kuku au umefunga tumbaku?" akauliza, akicheka.

Ozelle alikitazama kitambaa. Kisha akavitazama vidole vyake. Wiki nzima vilikuwa vimefunga fundo moja tu, asubuhi mpaka jua kuzama, na alipotoka bani jana yake vilikuwa bado vinachezacheza vyenyewe. Alijaribu kukumbuka kamba ya mlango. Alikumbuka kishikio, alikumbuka mhimili wa dirisha, alikumbuka utani wa Junius. Kamba ikikaza mkononi, ikiunguza kiganja kama inavyounguza fundo la nyumbu, hiyo hakuikumbuka. Na hakuna mtu aliyewahi kufunga fundo la nyumbu akamaliza kabla ya Roxie Stroud kukaza lake. Mazoea yana taabu.

Aliinuka bila kuaga. Idella alimuuliza anakwenda wapi, lakini Ozelle alikuwa tayari anakanyaga miguu ya watu kushuka ngazi.

Alianzia kwa mshika bendera, aliyesimama kwenye kichanja chake pembeni ya njia. Alimvuta suruali, akapiga kelele kushinda injini kwamba mlango wa namba kumi na saba haukufungwa sawasawa, amsimamishe. Mshika bendera hakugeuza hata shingo. Alisema kila Jumapili yupo mke mmoja anayetaka mashindano yasimame, na Jumapili iliyopita alikuwa mama mkwe. Akiwasikiliza wote, watu watakuwa wanakuja kutazama uwanja mtupu. Ozelle alimwambia huu si wivu wala woga, ni kamba. Yule bwana akamwambia arudi akakae, anamzibia.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, naye hakungoja. Alikimbia nyuma ya majukwaa mpaka kwenye geti la uani, viatu vya kanisani vikimpwaya. Hapo alikuwapo Mzee Talmadge Fouts, shemasi wa kanisa lao, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anatafuna tumbaku. Alimwona anavyokuja, akasimama, akaweka mkono kwenye komeo.

Ozelle alimweleza yote kwa mkupuo mmoja. Mzee alisikiliza vizuri, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa sheria. Akasema atakwenda yeye mwenyewe. Alichukua ubao, akaandika namba ya Coy kwa chaki, akaenda kusimama pale mafundi wanapoonyeshea ishara, akaunyanyua. Coy alipita akifukuzana na gari la pili, vumbi limemfunika, hakutazama. Mzee akaunyanyua tena raundi iliyofuata. Coy akapita vilevile.

Ozelle aliona kitu kingine kupitia uwazi wa mbao za geti. Coy alikuwa anazungusha usukani kwa mkono mmoja. Wa kushoto ulikuwa nje ya dirisha, umeukumbatia mlango kutoka nje.

Alifungua komeo mwenyewe. Mzee alipogeuka, Ozelle alikuwa amekwishampita, anakwenda moja kwa moja katikati ya mafundi na matairi yao, na gauni lake la njano la ibada. Mafundi waliacha spana. Mmoja alivua kofia, sijui kwa heshima au kwa hofu. Mzee alimfuata akimsihi.

"Binti yangu, rudi. Unajua watu wanavyosema."

"Ndiyo maana nimeingia, Mzee. Ubao wako haoni. Mimi ataniona."

Akasimama ukingoni mwa njia. Magari yalitoka kona ya nne, la kwanza la Junius, na madereva walimwona mmoja mmoja. Mmoja alishtuka akakaribia kupanda uzio. Coy alimwona. Raundi ile alipita, lakini kichwa chake kiligeuka. Raundi iliyofuata alitoka kwenye mstari, akaingia uani akikanyaga breki hadi gari likalala ubavu kidogo, akasimama mbele yake. Uso wake ulikuwa udongo mtupu isipokuwa pale miwani ilipokaa.

"Nani amekufa?" akauliza.

Hakuna kingine ambacho mwanamke ndani ya ua ule angeweza kumaanisha. Ozelle, pamoja na hasira zote alizokuja nazo, alimwonea huruma.

"Bado," akamwambia. "Hajafa mtu bado. Toa mkono."

Coy akauondoa mkono mlangoni. Mlango ukafunguka wenyewe taratibu. Kamba ilining'inia kwenye mhimili, imefumuka yote, haina hata kikunjo. Ngozi ya ndani ya mkono wa Coy ilikuwa imechubuka kwa kusuguana na bati, damu na udongo vimechanganyika.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo mwanzo. Mke wangu, niko nyuma. Funga."

"Ulijua uko wazi, na ukaendelea."

"Nilikuwa wa tatu, Ozelle."

Alilisema kama mtu anayetoa sababu ya kutosha. Ozelle alitamani kumpiga kofi, kisha alitamani kumvuta nje ya gari mbele za watu wote. Magari yalipita nyuma yake kwa kishindo, na kila lililopita Coy alilisindikiza kwa macho. Angemkataza, angekwenda bila kufungwa. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake. Alikuwa amefika pale kumwokoa, na sasa njia pekee ya kumwokoa ilikuwa kumfungia ndani.

"Ajali haina kinga, mama," Coy akasema kwa upole. "Funga tu."

Aliusukuma mlango, akapitisha kamba, akafunga fundo la nyumbu. Safari hii aliukanyaga mlango kwa mguu kama Roxie, akavuta mpaka kamba ikamchana kiganja, akaongeza la pili juu ya la kwanza. Coy alitia gia akaondoka, udongo ukamrukia gauni. Ozelle akaanza kuuona ule moto wa mwaka jana, na safari hii aliyefungwa ndani alikuwa wake, na aliyemfunga ni yeye.

Akamgeukia Mzee Talmadge, aliyekuwa amesimama kumtoa nje lakini hajui amshike wapi.

"Una kisu?"

"Cha nini?"

"Nipe, Mzee. Halafu unifukuze ukipenda."

Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa kisu chake cha kukunja, kile cha kukatia tumbaku ya kutafuna, akakifungua mwenyewe na kumpa upande wa mpini. Habari ya kumfukuza hakuitaja tena. Alisogea akasimama kando yake, wakatazama pamoja.

Coy alikuwa amepoteza raundi nzima, akawa anaendesha kwa ghadhabu mkiani mwa kundi. Mbele, Junius aliongoza, na vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba gari lilionekana likishafika. Ndivyo Junius alivyokuta kwenye kona ya nne gari lililozima na kukaa katikati ya njia. Alilikwepa karibu lote. Gurudumu lake la nyuma lilipanda bampa ya lile jingine, Ford yake ikainuka, ikabinuka mara moja, ikabinuka tena, ikaangukia magurudumu yake kando ya uzio wa uani. Paa lilikuwa limebonyea hadi kwenye viti. Chini ya boneti moshi ulikuwa mweusi, na petroli ilisikika ikichuruzika.

Mafundi walifika kwanza. Dirisha lilikuwa limebanwa likabaki uwazi wa kupitisha mkono tu, na mkono wa Junius ulikuwa umetoka pale, unapapasa. Ingebidi atolewe mlangoni. Wanaume watatu walishikana na kamba, wakasukumana, vidole vyao vikateleza. Wengine wawili walivuta mlango, na kwa kuuvuta wakazidi kulikaza fundo. Mmoja alikuwa analia. Moto ulitokeza kwenye tundu la madigadi, mdogo, kisha haukuwa mdogo tena.

"Iachieni! Acheni kuvuta!" Ozelle alipiga kelele, na kwa kuwa hawakuwahi kusikia sauti ya mwanamke mle ndani, waliacha.

Alipenya kati yao. Joto lilimpiga usoni, nywele zikanuka. Alishika fundo kwa mkono wa kushoto, akaingiza kisu chini yake, akakata. Kamba ya jembe ni nene. Uzi wa kwanza ulikatika, wa pili, na Junius ndani alikuwa anasema jina la Mungu kwa sauti ndogo kama ya mtoto. Kamba ikaachia. Mlango ukavutwa, mkanda wa kiunoni nao ukakatwa, wakamkokota nje kwa makwapa, suruali yake inawaka magotini, Mzee Talmadge akamwangukia na koti lake kuzima. Hawakuwa wamefika mbali gari liliposhika moto wote.

Bendera nyekundu ilipepea, injini zikazimwa moja moja. Geti la uani lilikuwa wazi, na Roxie Stroud aliingia akikimbia bila kiatu kimoja, asizuiwe na mtu. Alipiga magoti kwa mumewe. Junius alikuwa hai. Miguu ilikuwa imeungua vibaya, lakini alikuwa hai, anamwita mkewe kwa jina la nyumbani, anaomba maji. Roxie alimshika kichwa, akambusu paji la uso lenye udongo, akamwambia maneno ambayo si ya kusimuliwa.

Kisha akainua macho. Aliona gari linavyowaka, akaona mlango. Akaona mkono wa Ozelle, ambamo kipande cha kamba kilikuwa bado kimeshikwa, na fundo lake liko vilevile alivyolifunga, halijalegea hata kidogo.

"Ozelle," akasema. "Nilikaza sana?"

Nyuma yao Coy alikuwa ameingia na gari lake uani na kulisimamisha. Alikuwa akiita kwa sauti ya juu aje amfungulie, hawezi kutoka, dirisha lina kona inayomnasa bega. Aliita mara ya pili. Ozelle alilifumbata lile fundo mpaka lisionekane.

"Hapana, Roxie," akamwambia. "Ulifunga vizuri."

Akamwacha na mumewe, akaenda kwa wake. Ozelle alipiga goti mlangoni, akajaribu fundo kwa vidole vyake vyeusi, vile vilivyosifiwa kaunti nzima, akajaribu tena kwa meno. Halikusogea. Akachukua kisu, akaikata kamba.